Zawadi yangu ya jembe nusura ivunje harusi ya rafiki yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika kutoka Kizwite, Sumbawanga, nimejifunika blanketi, uji wa ulezi pembeni, maana baridi ya huku haina adabu.

Ninachosimulia kimetokea msimu huu wa harusi, baada ya mavuno. Sijaongeza chumvi. Mashahidi ni ukumbi mzima, na baadhi yao mpaka leo wakinipita barabarani wananipigia vigelegele.

Najua kuna watakaosema hii ni chai, yaani nimetunga. Vumilieni, chai ina sehemu yake huko mbele.

Na nyie wa mikoa mingine mnaosikia Sumbawanga mkaanza kuulizia ungo wa wachawi: humu hakuna ungo. Kuna jembe tu.

Kwanza mnijue. Naitwa Remi, fundi wa kuchomelea. Sijakanyaga chuo chochote cha ufundi. Nimejifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuungua vidole.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi na hofu moja, wakuu. Kwamba ipo siku atatokea fundi wa kweli, ataipapasa kazi yako na kuuliza, "Nani kafanya uchafu huu?"

Kwa hiyo mimi nasugua. Nikimaliza geti, nasugua. Nikishapaka rangi, naikwangua, nasugua upya. Kuna mama alishawahi kuling'ang'ania dirisha lake tukawa tunavutana, yeye anataka kuondoka nalo, mimi nataka nipitishe msasa mara ya mwisho.

Anayenifanya nile ni Masanja. Huyu ndiye mshirika wangu karakana. Yeye anatafuta wateja, anapatana nao, na kazi ikiisha ananipokonya kabla sijaiharibu kwa kuiboresha.

Masanja ni Msukuma. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Anaongea Kifipa vizuri kuliko mimi Mfipa wa mjini, ambaye Kifipa changu kinaanzia kwenye salamu na kuishia kwenye matusi.

Sasa Masanja akapata mchumba. Skolastika, sisi tunamwita Skola. Binti wa kijiji cha Mwazye, analima mahindi na ulezi na bibi yake mzaa mama, mazao analeta kuuza mjini. Akija mjini anapita karakana kutucheka.

Harusi ikapangwa. Mimi nikaanza kukosa usingizi.

Wakuu, harusi za huku mnazijua. Watu wanatoa chupa za chai. Shangazi chupa ya chai, majirani chupa ya chai, wanakwaya wamejichanga, chupa ya chai kubwa zaidi. Wanandoa wanatoka ukumbini na chupa za kutosha kufungua mgahawa, halafu wanaanza maisha bila hata ndoo.

Nikasema mimi sitoi chupa. Mimi natoa zawadi yenye fikra.

Nikaja humu humu jukwaani. Kuna uzi mmoja wa zawadi za harusi, mkuu mmoja kaandika kwamba zawadi bora ni ile uliyoitengeneza kwa mikono yako, inayogusa maisha ya wahusika. Nikaisoma nikaona nimeandikiwa mimi.

Mkuu, kama unasoma hapa, nina maneno na wewe.

Nikakumbuka siku Skola alikuja karakana na jembe la dukani limejikunja kama sikio la mbwa.

"Remi," akaniambia, "haya majembe ya siku hizi wanatengenezea makopo ya samaki? Nimepiga tuta moja tu, limesalimu amri."

Hapo hapo kichwani taa ikawaka. Majembe mawili. La mke na la mume. Chuma cha springi ya gari, mpini wa mninga, majina yao nimechonga. Wajukuu zao waje kugombania urithi.

Mama yangu nilipomgusia kwamba natengeneza kitu cha chuma, alisema, "Peleka kitenge kama watu." Nikamwona hana maono. Ningemwambia ni kitu gani cha chuma, uzi huu usingekuwepo. Lakini nilitaka iwe sapraizi kwa kila mtu, hata Masanja hakujua.

Nikaingia kazini. La Skola lilitoka, wakuu, sijui nisemeje. Nililipasha moto, nikaliponda, nikalipiga grainda, tupa, msasa mkubwa, msasa mdogo. Ukilitazama unajiona na chunusi zako. Mpini nikaupaka vanishi. Shingoni nikachonga SKOLA kwa herufi nilizozifanyia mazoezi kwenye mabati mpaka Masanja akauliza nani anaharibu mabati.

La Masanja likanitesa. Liliinama kushoto. Kidogo tu, lakini mimi nilikuwa naona kama limepigwa kiharusi. Nikalinyoosha, likainama kulia. Mpini nao ulikuwa na fundo. Jina lenyewe sikuthubutu kulichonga.

Asubuhi ya harusi bado nilikuwa nasugua, nimevaa suruali ya suti na fulana. Nikafanya uamuzi ambao niliuona wa busara kabisa: natanguliza la Skola, la Masanja nitawapelekea nyumbani likishakamilika. Siwezi kumpa rafiki yangu kitu kibovu mbele za watu.

Kumbukeni hapo. Jembe moja. Limeandikwa jina la bibi harusi peke yake. Linaletwa na kijana kapera.

Misa ikaisha salama, ndoa ikafungwa, tukaenda ukumbini. Wapiga picha, makoti juu ya magauni, kama kawaida yetu.

Hapa niwaeleze kitu kimoja ili tusipotezane. Kanisani walishamaliza, ila kwa familia ya Skola bado kulikuwa na jambo la kumkabidhi binti. Mwisho wa sherehe mjomba wake, Mzee Kastoli, ndiye anamshika mkono na kumkabidhi kwa baba yake Masanja. Bila hilo, kwao binti hajatoka nyumbani.

Na huyu mjomba kwenye vikao vya posa alikuwa amenuna muda wote. Mimi sikujua kwa nini. Nilidhani ndio sura yake.

Ikafika zamu ya zawadi za marafiki. Muziki ukapigwa, MC akaanza kuita.

"Sasa namwita fundi wa mafundi, Remi wa Kizwite! Njoo fundi, tuone umewachomelea nini!"

Nikatoka nacheza, zawadi nimeifunga kwenye khanga mpya. Chupa za chai zimejipanga pembeni, nikazipita kwa dharau.

Nilipofika mbele ya maharusi, mpiga picha akanidaka. "Kaka, hapo utaziba watu. Piga goti moja. Ndio. Inua juu. Mtazame bibi harusi. Tabasamu."

Nikapiga goti moja. Nikafungua khanga. Nikainua jembe kwa mikono miwili, namtazama mke wa mtu, natabasamu.

Vijana wakaacha kucheza, kwa sababu kijana akiona mwanaume kapiga goti moja mbele ya mwanamke anajua maana yake, kaona kwenye simu.

Wazee wakaacha kula, kwa sababu mzee wa Kifipa akiona kijana kaleta jembe kwa binti anajua maana yake pia, na hakuiona kwenye simu.

Jembe, wakuu. Jembe ndilo posa. Kwa wazee wa kina Skola, ukimtaka binti unatanguliza jembe, mengine yote yanafuata nyuma yake. Mimi wa mjini nilikuwa nimekaa nalo nalisugua wiki nzima bila kujua nasugua barua ya uchumba.

MC, ambaye ni wa kuja na mila za huku hazijui, akaendelea kupiga kelele: "Jembe! Jembe la bibi harusi! Na jina lake limeandikwa! Makofi tafadhali!"

Hakuna aliyepiga.

Mzee Kastoli akasimama. Alikuwa ameshapiga kimpumu kiasi, ile pombe ya ulezi, kwa hiyo alisimama kwa hatua.

"Nilisema," akaanza. "Vikao vyote nilisema. Nikauliza jembe liko wapi, mkaniambia mzee kaa chini, ng'ombe wanatosha. Haya. Leo jembe limekuja. Na halijatoka kwa kina Masanja."

Kumbe ndio ule mnuno.

"Sasa mimi," akamalizia, "simkabidhi binti kwa mtu asiyeleta jembe, na aliyelileta yuko hapa kapiga goti."

Upande wa pili baba yake Masanja naye akainuka. Mzee mrefu, mpole, lakini akisimama ukumbi unapungua.

"Ina maana huyu binti alikuwa na mtu wake? Na ng'ombe wetu mkawapokea?"

Akachukua kofia yake mezani. Ndugu zake wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wengine na vipande vya nyama mkononi.

Skola alikuwa analia. Siyo kile kilio cha bibi harusi cha kupangusa na kitambaa. Alikuwa analia kwa hasira, ananitazama mimi.

Masanja akashuka jukwaani, akanyakua maiki kwa MC, akaniwekea mdomoni.

"Remi. Sema kitu."

Wakuu, ningeweza kusema "ni zawadi tu, samahani wazee, sikujua". Maneno machache tu. Mtu mwenye akili zake angesema hayo.

Mimi nikiwa na hofu naongelea ubora wa kazi. Nikasema, na maiki ilikuwa na sauti nzuri sana siku hiyo:

"Naomba radhi. Kuna lingine nyumbani, ila halijakaa vizuri."

"Analo la pili!" Mzee Kastoli akapiga meza. "Mnasikia? Kijana kajiandaa! Ana la posa na la nyongeza!"

DJ akaona atulize hali, akafungulia wimbo wa kumsindikiza bibi harusi aende zake. Walimzomea mpaka akazima.

Hapo ndipo bibi yake Skola akatoka kwenye meza ya wazee. Kitenge, juu koti kubwa la mtumba la kijivu, mikono mfukoni. Akaja taratibu mpaka nilipo. Mimi bado nimepiga goti, kwa sababu hakuna aliyeniambia niinuke.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Akalichukua jembe. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Akalitia begani, akalishusha, akalipima uzito. Akapitisha kidole shingoni palipochongwa.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Skola," nikajibu.

Akamgeukia mjukuu wake. "Nawe soma, huyu simwamini."

"Skola, bibi," Skola akasema huku anapenga kamasi.

"Skola yupi?"

Skola akajinyooshea kidole.

"Nauliza, Skola yupi? Nyie wote mnajua humu ndani Skola wa kwanza ni nani. Mimi ndiye Skolastika. Huyu mtoto jina nilimwazima alipozaliwa. Kwa hiyo jembe limeletwa kwa Skola, mjane, hana mtu, yuko Mwazye analima peke yake."

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye goti.

"Mwembamba. Lakini nimekubali."

Wakuu, kile kigelegele kilichopigwa pale sijawahi kukisikia. Wanawake wa meza za nyuma walipanda juu ya viti.

Mzee Kastoli, ambaye ni mtoto wa kuzaa wa huyo bibi, akabaki mdomo wazi. "Mama, lakini..."

"Lakini nini? Unamkemea baba yako? Msalimie!"

"Mama!"

"Kastoli. Msalimie baba yako."

Mtu mzima na mvi zake akanigeukia, akameza mate, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo baba."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia. "Marahaba."

Baba yake Masanja ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikadondoka, na watu wake wakaona kama ni hivyo basi tukae tumalize nyama.

Lakini bibi hakuwa amemaliza. Alimsubiri baba yake Masanja ajifute machozi, kisha akamwambia kwa upole, bila utani safari hii:

"Mkwe, ng'ombe wako ni wazuri, nimewaona. Lakini huyu mwanangu hajaropoka. Jembe kwetu ndilo linalosema binti ameombwa, siyo amenunuliwa. Mlimwambia akae chini. Mtu ukimwambia akae chini, siku ya siku atasimama mahali pabaya."

Baba yake Masanja akavua kofia aliyokuwa ameshaivaa tena. "Hilo nakiri. Nilidhani jembe ni la watu wasio na ng'ombe."

"Basi," bibi akasema, akanigeukia. "Mume wangu, lile lingine liko wapi?"

"Bibi, lile limepinda."

"Nimekuuliza liko wapi, sijakuuliza limekaaje."

Tukaondoka na pikipiki ya jirani, mimi naendesha, Masanja nyuma na suti yake nyeupe, upepo wa Sumbawanga unatukata masikio. Tulipofika karakana, nimeinama natafuta funguo, akaniuliza:

"Remi. Kweli hakuna kitu? Kati yako na Skola?"

Hakuwa anatania. Nikainuka nikamtazama. Niliogopa swali lile kuliko kelele zote za ukumbini, kwa sababu watu wote wa kule nisingewaona tena kesho, ila huyu tunafungua naye karakana kila asubuhi.

"Masanja, alilalamika jembe lake limepinda. Nikataka awe na jembe lisilopinda. Na wewe nilikutengenezea, likanishinda, nikaona aibu kukupa. Hicho tu."

Akaliona liko kwenye benchi, katikati ya vumbi la chuma. Akalichukua, akaligeuza.

"Hili ndilo ulilokuwa unaona aibu?"

"Linainama kushoto. Na mpini una fundo."

"Fundo lipo wapi?"

Nikamwonyesha. Akakaza macho.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni mgonjwa. Twende."

Nikashika msasa nipitishe mara moja tu. Akanipiga mkono kama mtoto anayedokoa nyama.

Tuliporudi, Masanja na baba yake wakapiga magoti mbele ya Mzee Kastoli, wote wawili, magoti yote mawili, wakampa lile jembe langu bovu. Mpiga picha hakulazimika kumwelekeza mtu.

Mzee akalipokea. Nilifumba macho. Nilijua sasa ndio ataipapasa kazi yangu aulize nani kafanya uchafu huu.

Akalipapasa. Akasema, "Hili ndilo jembe. Lile lingine limeng'aa mno, utadhani kioo cha kinyozi."

Akamshika Skola mkono, akamkabidhi. Akawa analia yeye sasa.

Sherehe ikaendelea. Skola alipita kwangu wakati wa kucheza, akanifinya sikio kwa nguvu mpaka leo lina alama, akasema, "Asante, babu."

Ndio hivyo wakuu. Kwa familia ile yote mimi ni babu. Masanja ananiita babu karakana mbele ya wateja. Mzee Kastoli akija mjini ananiamkia kwa sauti sokoni, kusudi, halafu anadai nimnunulie soda kama baba anayejali.

Na bibi ananipigia simu. Juzi tu:

"Mume wangu, mvua ziko karibu. Ntumba hazijajengwa. Unataka watu wa Mwazye waseme nimeolewa na picha?"

Ntumba ni yale matuta ya duara tunayofukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Kazi yake inavunja mgongo. Nimeshaenda mara kadhaa. Natumia lile jembe nililochonga jina lake, ule mng'aro wote umeshakwisha, lina mikwaruzo na udongo, vanishi imebanduka. Mara ya kwanza nilitaka kuliosha nilisugue. Bibi akaniambia nikiligusa na msasa ananiacha.

Nilichojifunza: kabla ya kupeleka zawadi yenye fikra, muulize mtu wa familia hiyo zawadi hiyo inasema nini kwao. Mimi nilifikiria chuma, mpini, msasa na herufi, nikasahau kwamba zawadi inaongea, na ilikuwa inaongea Kifipa kuliko mimi.

La pili ni la wenzangu mnaosugua. Kile ulichokificha nyumbani kwa aibu, mwenzako anaweza kuwa anakihitaji leo, hivyo hivyo kilivyo. Ningeyapeleka yote mawili siku ile na kasoro zake, yangekuwa majembe ya mke na mume, watu wangepiga makofi, basi.

Sasa naomba mawazo yenu, na siyo utani. Jembe la kwanza kalichukua bibi. La pili kalichukua mjomba. Maharusi wenyewe mpaka leo sijawapa kitu, na Skola kila akipita karakana ananikumbusha kwa kidole.

Nimeanza kufikiria chupa ya chai.

Karibuni. Na wewe unayejiandaa kuandika kwamba uzi huu ni chai, andika tu, vyombo vya kuwekea chai hiyo maharusi wanavyo vya kumwaga.